Mapambo ya Mapaa ya Tao katika Kasri la Husuni Kubwa, Kilwa Kisiwani: Uwekaji Kumbukumbu na Uchambuzi wa Umbo na Ufundi

Utangulizi

Mjadala kuhusu mapaa ya mapambo katika makasri ya Kiislamu ya zama za kati kwa kawaida huanzia Granada. Katika kasri la Alhambra, Ukumbi wa Dada Wawili, uliojengwa katika utawala wa Muhammad V kwenye nusu ya pili ya karne ya 14, umefunikwa kwa kuba ya mukarnasi yenye vipande vya jasi vinavyokadiriwa kufikia 5,000. Mukarnasi ni vijumba vidogo vya pembe na mipindo vinavyopangwa tabaka juu ya tabaka mpaka paa lote lionekane kama sega la nyuki lililogeuzwa chini juu. Kuba hiyo imechorwa, imepimwa na imeandikiwa vitabu katika lugha nyingi.

Takribani nusu karne kabla ya kuba hiyo kukamilika, kasri jingine la sultani Mwislamu lilikwishajengwa kwenye ukingo wa mwamba katika kisiwa cha Kilwa, na baadhi ya vyumba vyake vilifunikwa kwa kuba na mapaa ya tao yaliyopambwa. Kasri hilo ni Husuni Kubwa. Mapaa yake mengi yameanguka. Kilichobaki ni kuta, vianzio vya matao juu ya kuta hizo, na vipande vya mawe na chokaa vilivyotawanyika sakafuni. Kwa sababu hiyo, maandishi mengi kuhusu Husuni Kubwa huzungumzia ramani ya vyumba, ambayo inaonekana, na kupita haraka kwenye mapaa, ambayo hayaonekani.

Makala haya yanafafanua mapaa hayo kwa kuzingatia mambo matatu: umbo, malighafi na namna ya kuyawekea kumbukumbu. Hoja inayotetewa ni kwamba pambo la paa la Husuni Kubwa haliwezi kutenganishwa na mwili wa paa lenyewe. Huko Granada fundi alijenga kwanza paa linalobeba uzito, kisha akaning'iniza pambo chini yake. Kilwa hali ilikuwa tofauti. Mfuo, kona au mpindo uliomvutia mgeni aliyeinua macho ulikuwa sehemu ya zege la chokaa na matumbawe lililoshikilia paa. Tofauti hiyo ina uzito katika mjadala wa muda mrefu kuhusu waliolijenga kasri hili.

Kasri na aliyelijenga

Jina Husuni linatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya ngome. Ni jina la baadaye, nalo linapotosha kidogo, kwa kuwa jengo lenyewe lilikuwa makazi ya mtawala na mahali pa biashara, si ngome ya vita. Liko zaidi ya kilometa moja mashariki ya mji wa kale wa Kilwa, juu ya mwamba unaotazama bahari, na ngazi ilishuka kutoka humo mpaka ufukweni. Lina vyumba zaidi ya 100. Upande wa kusini kuna uwanja mkubwa uliozungukwa na vyumba vinavyofasiriwa kuwa maghala na sehemu za shughuli za wafanyabiashara. Upande wa kaskazini, karibu na ncha ya mwamba, ndiko yalikokuwa makazi ya sultani, uwanja wa baraza wenye ngazi za kukalia, na birika la kuogea lenye pembe nane.

Neville Chittick, aliyeongoza uchimbaji wa kiakiolojia Kilwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuchapisha matokeo yake mwaka 1974, alilihusisha kasri hili na Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa ukoo wa Mahdali, aliyetawala katika miongo ya mwanzo ya karne ya 14. Uhusiano huo unatiliwa nguvu na maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa kwenye jiwe na kupatikana katika kasri hilo, yenye jina la sultani huyo. Ni mtawala yuleyule ambaye Ibn Battuta alimkuta Kilwa mwaka 1331 na kumtaja kwa lakabu ya Abu al-Mawahib kwa sababu ya ukarimu wake. Inafaa kukumbuka kwamba msafiri huyo, ambaye hakuwa mchoyo wa maneno alipoona jengo lililompendeza, aliueleza mji wa Kilwa kuwa wa nyumba za miti na hakulieleza kasri. Watafiti waliotumia ukimya wake kama ushahidi wameupa ukimya huo uzito kuliko unavyostahili. Simulizi yake iliandikwa miaka mingi baada ya safari, na Kilwa ilichukua nafasi ndogo sana humo.

Utajiri uliowezesha ujenzi huo ulitokana kwa sehemu kubwa na dhahabu iliyopitia Sofala, ambayo njia yake ya kaskazini Kilwa ilikuwa imeidhibiti. Bidhaa za mbali zilifika hadi ndani ya kasri. Miongoni mwa vitu vilivyofukuliwa humo ni chupa ya kauri ya Kichina ya wakati wa utawala wa Yuan. Hata hivyo, dalili zinaonesha kwamba kasri halikukamilika kujengwa na lilikaliwa kwa muda mfupi. Kwa mwanaakiolojia hali hiyo ni ya manufaa, kwa kuwa jengo lililoachwa mapema halikubomolewa na kujengwa upya mara kwa mara, na vilivyoanguka humo kwa kiasi kikubwa ni vya wakati mmoja.

Boriti na tao

Ili kuelewa uamuzi wa kufunika chumba kwa tao, ni lazima kwanza kufahamu paa la kawaida la jengo la mawe la pwani. Paa hilo ni la bapa. Boriti za mikoko hupangwa kutoka ukuta hadi ukuta, juu yake huwekwa mawe mepesi, kisha zege la chokaa na kokoto za matumbawe hushindiliwa mpaka ligandamane. Mkoko ni mti mgumu unaostahimili wadudu na chumvi. Hata hivyo una kikomo: boriti nzuri iliyonyooka huvuka nafasi ya takribani mita 2.5 hadi 3, si zaidi ya hapo bila kupinda. Ndiyo sababu vyumba vya nyumba za mawe, kuanzia Lamu hadi Kilwa, ni virefu na vyembamba. Mti ndio uliopanga upana wa chumba.

Boriti hazikuwa haba. Delta ya Rufiji, iliyo kaskazini ya Kilwa katika Mkoa wa Pwani wa leo, ni miongoni mwa misitu mikubwa zaidi ya mikoko katika Afrika Mashariki, na boriti za pwani hii zilisafirishwa kwa majahazi kwa karne nyingi hadi Ghuba ya Uajemi, ambako miti ya kujengea ni shida. Sultani wa Kilwa aliyetaka paa la boriti angelipata bila taabu. Kwa hiyo, alipoagiza paa la tao hakusukumwa na uhaba wa miti. Gharama iliongezeka badala ya kupungua, kwa kuwa tao la zege huhitaji kiunzi cha mbao cha kulishikilia mpaka chokaa ikauke, na chokaa hukauka polepole sana. Juu ya gharama ya paa lenyewe kulikuwa na gharama ya paa la muda la mbao chini yake, lililotolewa baadaye.

Kuna gharama nyingine isiyoonekana kwa macho. Paa la boriti huegemea ukuta kwa uzito unaoshuka wima. Tao, kinyume chake, husukuma ukuta kuelekea nje. Ukuta mwembamba utafunguka na paa litashuka. Mjenzi wa tao analazimika kunenepesha kuta au kupanga vyumba ubavu kwa ubavu ili msukumo wa kimoja uzuiwe na cha pili. Ramani ya Husuni Kubwa, yenye vyumba vilivyobanana kwa safu katika sehemu ya makazi, inaeleweka vizuri zaidi ikisomwa kwa kuzingatia mapaa yaliyokuwa juu yake.

Aina za mapaa na mapambo yake

Aina tatu za mapaa zinahitaji kutofautishwa. Ya kwanza ni paa la nusu mcheduara, ambalo ni tao lililorefushwa kufuata urefu wa chumba, mfano wa pipa lililopasuliwa katikati na kufunikizwa. Ya pili ni kuba ya pia, ambayo pande zake hupanda zikinyooka na kukutana kwenye ncha. Ya tatu ni kuba ya mifuo, ambayo uso wake wa ndani umegawanywa kwa mifuo inayoanzia kwenye duara la chini, ikipungua upana kadiri inavyopanda, mpaka yote inakutana kileleni. Peter Garlake, aliyechapisha mwaka 1966 utafiti wake kuhusu usanifu wa mwanzo wa Kiislamu katika pwani ya Afrika Mashariki, ndiye aliyeweka msingi wa kuzichambua aina hizi kwa michoro, na michoro yake bado ni rejea ya lazima.

Kuba ya mifuo inastahili maelezo marefu zaidi, kwa kuwa hapo ndipo pambo na ufundi vinapoungana waziwazi. Kwa mtazamaji, mifuo huligeuza paa kuwa kitu kinachosogea: mwanga wa taa ukitoka chini hushika ukingo wa kila mfuo na kuacha kivuli ndani yake, na kuba ndogo huonekana kuwa ndefu kuliko ilivyo. Kwa mjenzi, mifuo ina faida ya pili. Bati la migongo ni gumu kuliko bati bapa la unene uleule, na kila aliyewahi kuezeka anajua hilo. Kuba yenye mifuo hupata ugumu kwa njia hiyohiyo. Inaweza kujengwa nyembamba zaidi, na ikiwa nyembamba hupunguza uzito na msukumo kwenye kuta. Aliyechagua mifuo kwa ajili ya uzuri alipata pia nguvu, na haielekei kwamba mafundi wenye uzoefu hawakulifahamu jambo hilo.

Kuba ya pia nayo ina mantiki yake. Kadiri pande zake zinavyokuwa wima, ndivyo msukumo wa pembeni unavyopungua. Ni umbo linalosamehe makosa ya fundi kuliko kuba bapa. Kuhusu paa la nusu mcheduara hakuna mengi ya kuongeza, ila kwamba linahitaji kuta mbili tu za kuliegemea na hivyo lilifaa vyumba virefu na njia za kupitia.

Tatizo la kila kuba ni jinsi ya kutoka kwenye chumba cha mraba kwenda kwenye duara. Pembe nne za chumba hubaki wazi chini ya kuba, na zinapaswa kuvukwa. Katika sehemu nyingi za ulimwengu wa Kiislamu njia ya kuzivuka ilikuwa tao dogo linalojengwa kukata kila pembe, likigeuza mraba kuwa umbo la pembe nane, na umbo la pembe nane liko karibu na duara kiasi kwamba kuba huweza kukaa. Wataalamu wengi wanaamini kwamba mukarnasi yenyewe ilikua kutokana na kugawanywa kwa matao hayo ya pembeni kuwa matao madogo zaidi. Kilwa haikufuata njia hiyo hadi mwisho wake. Mafundi wake hawakuzigawa pembe kuwa vijumba vya mukarnasi, bali walilielekeza pambo kwenye uso wa kuba na kwenye mawe yaliyochongwa. Ukanda wa mnyororo, duara lenye nakshi na maandishi ya Kiarabu vyote vimepatikana katika Husuni Kubwa vikiwa vimechongwa kwenye tumbawe.

Sababu ya tofauti hiyo haipaswi kutafutwa kwenye uhaba wa ujuzi. Mukarnasi ya Granada ni kazi ya jasi, ambayo humiminwa kwenye kalibu, huganda kwa dakika chache na hukatwa kwa kisu. Ni kazi ya ndani ya nyumba, katika nchi yenye hewa kavu kiasi. Jasi haivumilii unyevu. Kwenye mwamba unaopigwa na upepo wa bahari na mvua za masika, vijumba 5,000 vya jasi visingedumu. Pwani ilikuwa na malighafi nyingine, yenye tabia nyingine.

Tumbawe na chokaa

Mafundi wa pwani walitumia matumbawe ya aina mbili, na utafiti usiozitofautisha hukosea. Aina ya kwanza ni mwamba wa matumbawe wa nchi kavu, uliokwisha kuwa jiwe gumu. Huvunjwa vipande visivyo na umbo maalumu na kutumika kujengea kuta kwa chokaa. Haukubali nakshi nzuri. Aina ya pili ni tumbawe laini linalokatwa baharini likiwa bado hai au karibu na hapo. Likiwa bichi hukatwa kwa msumeno au shoka kama mti laini, na likikaa hewani huwa gumu. Kwa hiyo nakshi yote ilipaswa kuchongwa kabla tumbawe halijakauka. Hili ni jambo la muhimu katika kufasiri kasi na mpangilio wa kazi: jiwe la pambo halikuweza kuwekwa ghalani likisubiri mchongaji. Mpiga mbizi, mchongaji na mjenzi walilazimika kufanya kazi kwa mfululizo, na mtu aliyeongoza kazi alipaswa kujua mapema ni mawe mangapi ya mpindo gani yatahitajika kwa paa lipi.

Tumbawe laini lina faida nyingine kwa paa. Ni jepesi, kwa kuwa lina matundu mengi. Kipande kilichochongwa kwa ajili ya kuba huongeza uzuri bila kuongeza mzigo mkubwa.

Chokaa nayo ilitoka baharini. Matumbawe hupangwa juu ya lundo la kuni na kuchomwa, kisha huzimwa kwa maji na kuachwa yatulie. Utaratibu huu bado unafahamika kwa wachoma chokaa wa pwani. Zege la paa lilichanganywa kwa chokaa hiyo pamoja na mchanga na kokoto za matumbawe. Kwa maneno mengine, ukuta, paa, lipu na nakshi vilikuwa na asili moja. Jengo lote la Husuni Kubwa ni mwamba wa bahari uliopangwa upya, na ndiyo maana mstari kati ya mwili wa jengo na pambo lake ni mwembamba kiasi hicho.

Swali la asili ya ufundi

Chittick aliliona kasri hili kuwa tofauti mno na majengo mengine ya pwani, na akaelekea kuamini kwamba msanifu wake alitoka ng'ambo. Hoja hiyo ina msingi. Kuba ya mifuo ilikuwepo Iraki karne nyingi kabla, katika kasri la Ukhaidir la karne ya 8, na katika Msikiti Mkuu wa Kairouan, Tunisia, katika karne ya 9. Tarehe ya Kilwa, ambayo imetufikia kwa nakala ya Kiarabu na kwa toleo la Kireno la João de Barros lililochapishwa mwaka 1552, inasimulia kwamba al-Hasan bin Sulaiman alikaa Aden akisoma katika ujana wake na akaenda kuhiji. Kwa hiyo aliyaona majengo ya Yemen chini ya utawala wa Rasuli, wakati ambapo miji kama Taizz na Zabid ilikuwa ikipambwa kwa misikiti na madrasa zenye kuba. Hata cheo cha kifalme kilichoambatanishwa na jina lake katika maandishi ya Kilwa kinafanana na vyeo vya watawala wa Rasuli.

Hoja hiyo hueleza sultani alitamani nini. Haielezi nani alilitimiza tamanio hilo, wala kwa ufundi upi. Huko Shanga, katika visiwa vya Lamu, Mark Horton alifukua misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine kuanzia karne ya 8: ya mwanzo ya miti, kisha ya tumbawe laini, kisha ya mwamba na chokaa. Mfululizo huo unaonesha mafundi wakijifunza tumbawe hatua kwa hatua, mahali pamoja, kwa vizazi. Chapurukha Kusimba na Felix Chami, kila mmoja kwa ushahidi wake, wamesisitiza pia mizizi ya Kiafrika ya miji ya pwani. Fundi aliyetoka Yemen au Iraki angefika Kilwa akijua matofali, jasi na mawe ya milimani. Hangejua ni saa ngapi tumbawe bichi linakubali patasi.

Kwa mtazamo huo, swali la kama Husuni Kubwa ni ya wageni au ya wenyeji limeulizwa vibaya. Umbo la kuba lina nduguze ng'ambo. Mwili wake ni wa pwani. Uchambuzi unaotegemea ramani na umbo peke yake utaelekea kuona Uarabuni, kwa kuwa ramani na umbo ndivyo vinavyosafiri kwa urahisi, katika kumbukumbu ya mtu aliyehiji. Uchambuzi unaoanza na kipande cha paa kilichoanguka utaona kwanza tumbawe, chokaa na alama ya chombo cha mchongaji.

Mapaa yaliyosimama

Ushahidi wa kulinganishia upo hapohapo Kilwa. Msikiti Mkuu uliongezwa sehemu kubwa yenye safu za nguzo, kuba na mapaa ya nusu mcheduara. UNESCO, iliyouingiza mji huo na Songo Mnara katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, inataja nafasi 16 zilizofunikwa kwa kuba na matao, na inaitaja kuba yake kubwa kuwa ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote Afrika Mashariki mpaka karne ya 19. Maelezo hayo yanaiweka kuba hiyo katika karne ya 13. Chittick aliunganisha upanuzi huo na utawala wa al-Hasan bin Sulaiman, yaani mwanzoni mwa karne ya 14, na hoja yake inaelekea kuwa na nguvu zaidi, kwa sababu inaweka msikiti na kasri katika mpango mmoja wa ujenzi wa mtawala mmoja.

Upanuzi huo uliporomoka. Ulijengwa upya katika karne ya 15, na mabadiliko yaliyofanywa ni somo kamili la uhandisi. Nguzo za awali zilikuwa za tumbawe zima lililochongwa, nzuri kwa macho lakini dhaifu chini ya msukumo wa mapaa ya tao. Zilizochukua nafasi yake ni nguzo za pembe nane za mawe na chokaa, nene zaidi na zisizo na neema ileile. Mafundi wa mji walikuwa wamejifunza uzito wa paa la tao kwa njia ya hasara. Hawakuliacha. Msikiti Mdogo wa Kuba, wa karne hiyohiyo ya 15, umefunikwa kwa nafasi tisa za kuba na matao, na mapaa yake yalipambwa kwa bakuli za kauri zilizopachikwa kwenye lipu. Mtindo wa kupachika bakuli unajulikana kwa wakazi wa Pwani na Dar es Salaam kutokana na makaburi ya Kunduchi. Pambo lilikuwa limehama kutoka kwenye mwili wa kuba kwenda kwenye kitu kilichonunuliwa na kubandikwa, mabadiliko ambayo hayajapewa uzito unaostahili katika historia ya usanifu wa pwani.

Katika nyumba na makasri ya baadaye, boriti ilirudi kutawala.

Uwekaji kumbukumbu

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliwekwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ulio hatarini mwaka 2004 na kuondolewa mwaka 2014 baada ya kazi ya ukarabati. Kuondolewa huko hakukusimamisha mvua, mizizi wala mawimbi yanayokula kingo za kisiwa. Ukuta unaweza kuegemezwa na kujengewa, lakini kipande cha kuba kilichoko sakafuni hakina mtetezi. Kwa mlinzi wa magofu ni kifusi. Kwa maji ya mvua ni chokaa inayoyeyuka. Hata Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, ambayo inalinda eneo lote, haiwezi kuzuia nakshi kufutika.

Upimaji kwa miale ya leza, kama uliofanywa na mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town, umehifadhi sura ya magofu yaliyosimama kwa usahihi usiopatikana zamani. Mapaa yaliyoanguka yanadai kazi ya namna nyingine: kila kipande kipewe namba, mahali kilipolala papimwe kabla ya kuinuliwa, aina ya tumbawe itajwe, uso wa ndani upigwe picha kutoka pande nyingi, na alama za mbao za kiunzi au za chombo cha kuchongea zichorwe. Kipande kilichookotwa na kupangwa ukutani ili njia iwe safi kimepoteza nusu ya ushahidi wake.

Kazi hiyo inadai pia istilahi. Kiswahili kina kuba, tao, kidaka, nguzo, boriti na mihirabu, maneno ambayo mafundi na waumini wameyatumia kwa karne nyingi. Hakina neno moja lililokubalika kwa paa la tao kwa jumla, na tasnifu za Kiswahili hulazimika kulieleza upya kila mara, au kuliita kuba hata pale ambapo si kuba. Maneno yaliyotumika katika makala haya, paa la nusu mcheduara, kuba ya pia na kuba ya mifuo, yameundwa kwa maneno ambayo mwanafunzi wa jiometri na fundi wa ujenzi wote wanayafahamu. Fomu za uga zikiandikwa kwa Kiingereza peke yake, msaidizi wa utafiti aliyezaliwa Kilwa na anayelijua tumbawe kuliko mtafiti hawezi kusahihisha kilichoandikwa.

Faida ya kupima vipande vidogo ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Ikiwa kipande cha kuba kina mifuo miwili kamili, na pembe kati ya mistari ya katikati ya mifuo hiyo ni nyuzi 15, basi kuba nzima ilikuwa na mifuo 24. Ikiwa mstari mnyoofu unaounganisha ncha mbili za ukingo wa chini wa kuba, uliobaki kwenye kipande, una sentimeta 60, na kina cha mpindo katikati yake ni sentimeta 3, basi nusu kipenyo hupatikana kwa kuuzidisha urefu wa mstari huo kwa wenyewe, kugawanya kwa mara nane ya kina, na kuongeza nusu ya kina. Jibu ni takribani sentimeta 151, yaani chumba cha upana wa mita tatu, upana uleule ambao boriti ya mkoko ingeuvuka bila shida. Vipande vikiendelea kutoa upana wa namna hiyo, itathibitika kwamba kuba ilijengwa mahali ambapo haikuhitajika kwa ajili ya upana. Vikitoa upana mkubwa zaidi, basi mafundi wa Husuni Kubwa walikuwa wakijaribu kuvunja kikomo ambacho mti ulikuwa umewawekea babu zao.